Upepo Kwanza, Moto Baadaye

Baba alikunywa kikombe chote. Hilo ndilo lililoniuma. Angeacha nusu, angesingizia kiungulia, ningejua pa kuanzia kujitetea. Lakini mzee aliimaliza mpaka kwenye mashapo, akaweka kikombe chini polepole, akapangusa masharubu, akasema, "Kumbe ni hii tunavunjia mgongo." Kisha akamwomba Mama chai.

Ilikuwa Krismasi, nyumbani Kirinyaga. Kahawa ile nilikuwa nimeikaanga mwenyewe Nairobi, nikaisaga, nikaibeba kwenye matatu nikiwa nimeipakata kama keki ya harusi. Ilikuwa kahawa yake. Mbuni za shamba lake, zile tunda za mwisho ambazo hazipelekwi fakitori zikiwa nyekundu, zinaachwa zikauke juu ya gunia hadi ganda linakuwa jeusi. Mimi na binamu yangu tulizitwanga kwenye kinu, tukapepeta, nikaondoka na kilo tatu za buni. Miaka sitini na kitu familia yetu inalima kahawa, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuionja. Kwetu tunakunywa chai. Kahawa ya mkebe, ile ya unga wa kuyeyuka, hutolewa mgeni akija, na hata yeye hupewa kwa kuombwa radhi.

Sasa elewa kwa nini kikombe kimoja kilikuwa na uzito. Shamba letu lina sehemu mbili. Chini, karibu na mto, kuna SL28 za nyanya yangu. Alizipanda mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Waafrika wa sehemu zetu walipoanza kuruhusiwa kwa wingi kulima zao ambalo mkoloni alikuwa amejiwekea yeye na rafiki zake. Juu, karibu na barabara, kuna Ruiru 11 ambazo Baba alipanda mwenyewe, baada ya kuchoka kununua dawa za kunyunyizia. SL28 ni mti mzuri lakini ni mgonjwa mgonjwa. Kutu ya majani ni yake, ugonjwa wa kuozesha matunda ni wake. Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985 na watafiti wa pale Ruiru, inavumilia yote mawili.

Na Baba alikuwa ameamua kung'oa. Majirani wameweka avokado. Wengine wamepima ploti. Malipo ya kahawa yanakuja yakichelewa, yakija yameshakatwa hapa na pale, na mzee ana miaka sabini na moja. Mimi sikuwa na hoja ya pesa. Nilikuwa na hoja moja tu: onja kwanza.

Jambo lingine. Baba huniita Mama. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, kwa hivyo jina langu ni la yule aliyepanda miti ya mtoni. Nikimletea Baba kahawa mbaya, si mimi pekee ninayeaibika.

*

Naishi Kahawa West, chumba kimoja, ghorofa ya tatu. Jina la mtaa si mzaha. Pande hizi zote, kutoka hapa hadi Ruiru na Kiambu, zilikuwa mashamba ya kahawa. Ukitembea kuelekea nje ya mji bado utaona mistari ya miti iliyozeeka kati ya mabango ya nyumba za kuuzwa. Mimi hukaanga kahawa juu ya simiti iliyofunika kahawa.

Mashine yangu ni ya bisi, zile za plastiki za kupuliza hewa moto, niliyonunua mtumba kwa shilingi elfu moja na mia tano. Ni kitu rahisi. Chini kuna panka ndogo, juu ya panka kuna waya wa moto uliojikunja kama springi. Panka inavuta hewa, hewa inapita kwenye waya, inatoka kupitia matundu ya pembeni ikiwa moto na kuzungusha kilichomo. Imetengenezewa mahindi, lakini punje ya kahawa haiulizi.

Kundi la kwanza lilichukua dakika nne kasoro. Nilifurahi sana. Kahawa imekuwa ya kahawia, imepasuka pa-pa-pa kama video zinavyosema, nyumba imejaa moshi, caretaker amegonga kuuliza kama kuna kitu kinaungua. Nikaivunja punje moja kwa meno. Nje ilikuwa nyeusi, ndani rangi ya majani makavu. Ndiyo hiyo niliyompelekea Baba, kwa sababu wakati huo sikujua maana ya nilichokiona. Kikombe chake kilikuwa na uchungu wa makaa juu, na chini yake ladha ya nyasi mbichi. Vyote viwili kwa pamoja. Kuungua na kutoiva, kama mandazi yaliyotupwa kwenye mafuta yaliyopitiliza.

Kumbe tatizo ndilo hilo la mandazi. Buni mbichi ina maji, karibu asilimia 10 hadi 12 ya uzito wake. Ni ngumu kama kokoto, na joto linaingia ndani yake polepole. Ukiipiga moto mkali kutoka mwanzo, ngozi inafika mwisho wa safari kabla tumbo halijaanza. Inatakiwa ikauke kwanza, igeuke manjano, harufu itoke kwenye nyasi ije kwenye mkate, ndipo uikimbize.

Niliporudi mjini Januari nikanunua daftari, mizani ya jikoni na kipimajoto cha waya mwembamba ninaoweza kuuzamisha katikati ya punje. Nikaanza kuandika. Gramu 80 kila mara, joto kila sekunde 30.

Hapo ndipo mambo yakawa ya ajabu. Jumamosi saa tano asubuhi, kahawa inapasuka dakika ya nne. Jumatatu saa mbili usiku, kahawa ile ile, gramu zile zile, hata dakika ya tisa hakuna kitu. Punje za chini zimeganda mahali pamoja zikiungua upande mmoja, za juu zimelala tu kama abiria wa Thika Road. Nilidhani mashine inakufa. Nikadhani ni baridi ya usiku. Nikafikia hatua ya kudhani ni mimi, kwamba usiku nakuwa nimechoka na mkono hauna bahati.

Jibu lilikuwa kwenye taa. Saa mbili usiku taa ya chumba changu huwa ya manjano kidogo. Mtaa mzima umerudi kutoka kazini, kila mlango una mtu anayechemsha kitu. Nikaazima mita ya jirani ninayekaa naye mlango kwa mlango, nikapima soketi. Asubuhi volti 237. Usiku 208. Kwa macho tofauti hiyo ni ndogo. Lakini nguvu ya waya wa moto haipungui sawa na volti. Inapungua kwa mraba wake. Piga hesabu: 208 gawanya kwa 237, jibu uzidishe kwa lenyewe. Unabaki na asilimia 77. Karibu robo ya moto wangu ilikuwa inaenda kuivisha ugali wa watu wengine.

Na si moto tu. Panka pia ilikuwa inachoka.

*

Nilimpigia Mama kumsalimia, nikajikuta namlalamikia stima. Mama hajui mashine za bisi, lakini nilipokuwa darasa la tatu alikuwa akiuza njugu nje ya lango la shule yetu. Alizikaanga na chumvi kwenye sufuria iliyokaa vibaya, juu ya jiko la makaa, na sikumbuki njugu iliyoungua. Akanisikiliza, akasema, "Wewe unaangalia moto. Mimi nilikuwa naangalia mlango wa jiko."

Nikanyamaza.

"Makaa ni yale yale," akasema. "Ukifungua mlango yanawaka, ukifunga yanalala. Sasa wewe mlango wako uko wapi?"

Sikuwa nao. Mashine yangu ina swichi moja tu. Ukiiwasha, panka na moto vinaanza pamoja. Ukiizima, vinakufa pamoja. Nilikuwa nimekaa miezi miwili napima joto bila kufikiria upepo, kwa sababu kichwani mwangu upepo ulikuwa kitu cha kuzungusha punje tu. Lakini fikiria pumzi yako mwenyewe. Ukipulizia uji, unapoa. Ukipulizia makaa, yanawaka. Pumzi ni moja, kazi mbili. Kwenye mashine yangu upepo ulikuwa unafanya kazi tatu: unabeba joto kutoka kwenye waya, unalipeleka ndani ya punje, na unazirusha punje ili kila moja ipate zamu yake. Ukiongeza upepo bila kuongeza moto, hewa inatoka ikiwa na joto la chini, kwa sababu waya ule ule sasa unagawia hewa nyingi zaidi. Ukipunguza upepo, hewa inatoka kali, lakini kama punje hazisogei, unachoma za chini na kuzisahau za juu.

Tena kuna jambo ambalo video za watu wa nchi za pwani na mabonde hazisemi. Hapa tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Maji yangu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Hewa yetu ni nyepesi. Panka ile ile ikizunguka kwa kasi ile ile Mombasa ingesukuma hewa nzito zaidi, ingeinua punje vizuri zaidi, ingebeba joto zaidi. Nilikuwa nafuata dakika za mtu anayeishi kando ya bahari halafu najiuliza mbona zangu hazitembei.

Nikabeba mashine hadi kwa fundi wa redio karibu na steji. Akaifungua, akachungulia, akacheka.

"Dada, hii mota si ya stima ya ukutani. Inakula volti kama kumi na nane hivi. Kwanza stima inapita kwenye kipande cha huu waya wa moto, inapunguzwa, ndiyo inafika kwa panka. Hawa wameoana. Mmoja akichoka, na mwenzake anachoka."

"Mimi nataka waachane."

"Talaka iko. Mia nane."

Kwa mia nane na chaja ya zamani ya laptopu, ile ya volti 19, panka ikapata nyumba yake. Akaweka kifaa kidogo chenye kitufe cha kuzungusha ili niongeze au nipunguze kasi. Waya wa moto akaupa swichi yake ya kupunguza nguvu, kubwa, ya kuhimili wati zaidi ya elfu moja, si ile ya taa ya ukutani. Akanionya mara tatu kuhusu waya za moto na mikono yenye maji, na mimi nakuonya mara moja: hii ni kazi ya fundi, usiifanye kwa kisu cha jikoni.

Siku ya kwanza ya talaka niliwasha moto, nikageuka kuchukua mizani, nikasahau panka. Sekunde kumi hivi. Ilisikika *tak*, halafu harufu ya plastiki. Fyuzi ya ndani, ile inayokatika joto likizidi, ilikuwa imejitoa mhanga ili chumba changu kisiungue. Fundi alinibadilishia, akaniandikia kwa kalamu ya wino mzito juu ya mashine: UPEPO KWANZA, MOTO BAADAYE. Na wakati wa kuzima, kinyume chake: moto kwanza, upepo mwisho.

*

Sasa nikuambie inavyokwenda siku hizi, kwa sababu najua kuna mtu anasoma hapa akiwa na mashine ya bisi kabatini.

Panka naiwasha juu kabisa. Buni mbichi ni nzito, haipendi kuamka. Naongeza moto nusu. Namimina gramu 80 na kutazama: zikizunguka taratibu kama maji kwenye sinki, sawa. Zikikaa, napunguza gramu, siongezi moto. Dakika tatu za mwanzo sina haraka. Maji yanatoka. Karibu nyuzi 150 zinageuka manjano na makapi yanaanza kupeperuka, ule utando mwembamba kama ganda la njugu. Mbuni zilizokaukia ndani ya tunda zina makapi mengi kuliko zilizooshwa, kwa hivyo nafanyia kando ya dirisha, na wa chini yangu hapo haaniki nguo Jumamosi.

Kuanzia hapo punje zinapungua uzito na kuvimba. Upepo uliokuwa unatosha kuziinua sasa unazirusha nje. Kwa hivyo nashusha panka kidogo kidogo. Na kumbuka: kushusha upepo ni kuongeza ukali wa hewa. Hapo ndipo nilipokuwa nikipotea. Nashusha panka, joto linaruka, napatwa na hofu, nakata moto, joto linasimama. Kahawa ikisimama katikati ya safari haiungui, lakini inakuwa na ladha ya kadibodi. Kundi moja la Februari nililipika dakika kumi na nne kwa uangalifu wa hali ya juu, na lilionja kama sanduku la viatu. Kuogopa moto kunaharibu kahawa sawa na kuushabikia.

Kwa hivyo nikijua nitashusha panka, natangulia kushusha moto kidogo. Ninachotaka ni joto liendelee kupanda, ila kila nusu dakika lipande kwa kiasi kidogo kuliko nusu dakika iliyopita. Kama mtu anayepanda kilima: anapunguza mwendo, hasimami. Kwenye nyuzi 196 au zaidi kidogo zinaanza kupasuka. Wakati huo punje zenyewe hutoa mvuke na joto lao, ukizembea zinakukimbia. Nahesabu dakika moja na nusu, nazima moto, naacha panka ivume. Kisha namwaga kwenye chujio la bati na kupunga kwa kifuniko cha sufuria mpaka niweze kuzishika, chini ya dakika nne, maana punje iliyo moto inaendelea kujipika hata kama wewe umemaliza. Jumla ni dakika nane. Gramu 80 zinakuwa 68 au 69. Halafu zinakaa siku tano kabla sijazisaga, gesi itoke.

Na sikaangi saa mbili usiku tena. Panka sasa inakula chaja, haijali. Lakini moto bado ni wa mtaa mzima.

*

Pasaka nilienda nyumbani na robo kilo. Sehemu ya juu karibu na barabara, mistari mitatu ya mwanzo ilikuwa imeshang'olewa. Mashimo yalikuwa wazi, yamejaa maji ya mvua, miche ya avokado imepangwa kivulini. Sikusema kitu. Nilisaga kahawa kwa mkono barazani, nikachemsha maji, nikachuja kwa kitambaa.

Baba alikunywa kidogo, akatulia. Akanywa tena.

"Hii imetiwa nini?"

"Hakuna kitu."

"Ina kitu. Kama matunda damu."

"Ni yenyewe, Baba."

Akaliangalia shamba la chini, kule mtoni, kwa muda mrefu. Nilidhani atasema jambo la nyanya. Alisema, "Na wewe ulichanganya za juu na za chini?"

Nilikuwa nimechanganya. Haikuwahi kunijia kwamba kuna za juu na za chini. Kwangu ilikuwa kahawa ya Baba, basi. Akatikisa kichwa jinsi anavyofanya nikikosea hesabu. Kisha akamwomba Mama chai, kwa sababu chai ni chai.

Nilirudi Nairobi nikijiambia kwamba nimeshinda, au angalau sijashindwa. Mwezi Julai nikapigiwa simu na watu wa matatu nikachukue mzigo. Magunia mawili madogo ya mbuni, zimeshatwangwa na kupepetwa vizuri kuliko tulivyofanya sisi vijana. Moja limefungwa kamba nyekundu, jingine kamba ya bluu. Nikampigia.

"Nyekundu ni za mtoni," Baba akasema. "Bluu ni za juu, zile zimebaki. Kaanga, uonje, uniambie ukweli. Nitabakisha upande mmoja tu, Mama. Nguvu ya pande mbili sina."

Upande mmoja ni wa nyanya, wenye maradhi na dawa za bei. Mwingine ni wake, miti aliyoichimbia mashimo akiwa na umri kama wangu. Najua watu wanavyosema, kwamba SL28 haina mpinzani kikombeni. Lakini watu hao hawajaonja Ruiru 11 ya Baba iliyokaangwa kwa haki. Hata mimi sijaionja. Na najua sasa jinsi ilivyo rahisi kuisingizia kahawa makosa ya mkono. Dakika moja ya panka iliyochelewa, volti chache za jirani, na mti wa watu unaonekana mbaya.

Jumamosi nimeamka mapema. Nimepima soketi: 236. Nimepima gramu 80 za nyekundu, gramu 80 za bluu, nimeziweka kwenye sahani mbili mezani, na daftari katikati. Nimezitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika. Halafu nimewasha panka.